Mgeni Mwenye Alama ya Zizi Langu

Kama umeambiwa wiki hii kwamba una homa ya ini aina ya B, na umetoka hospitali na karatasi usiyoielewa, kaa kwanza. Kunywa maji. Mimi niliambiwa hivyohivyo, na leo nimetoka kupiga alizeti, mgongo unaniuma kama unavyomuuma mtu mzima yeyote mwenye afya yake. Habari za kitaalamu utazipata kwa wataalamu. Mimi nitakusimulia ilivyokuwa nyumbani kwangu. Binti yangu Zainabu ndiye anayeandika maneno haya kwenye simu nikiyasema, na kila nikiongeza chumvi ananikatiza.

Naitwa Athumani, lakini huku kwetu nje kidogo ya Ilongero wananiita Baba Zainabu. Nalima na kufuga. Jambo ninalojulikana nalo ni moja: namjua ng'ombe wa kila mtu. Mnadani watu wakigombea jike la madoa, huyu anasema langu na yule anasema langu, wananiita mimi. Naangalia sikio. Kila nyumba ina mkato wake, na sisi mkato wetu ni mmoja mdogo chini ya sikio la kulia, tangu kwa babu. Sijawahi kukosea. Zainabu anasema niliwahi kukosea mara moja, lakini yule alikuwa ndama na jua lilikuwa limezama.

Ugonjwa ulinianza wakati wa kuvuna uwele. Nilichoka. Si uchovu wa jembe, huo naujua na tumezoeana. Huu ulinikuta asubuhi kitandani kabla sijafanya lolote. Chakula kikawa kinanuka, hata mlenda wa mke wangu ambao nimeoa kwa ajili yake. Nikanunua dawa ya malaria duka la dawa, nikameza, nikangoja. Nikanunua ya taifodi. Mkojo ukawa kama chai ya rangi. Ngozi ikaanza kuniwasha mpaka nikawa najikuna kwenye nguzo ya zizi, ng'ombe wananiangalia.

Siku moja nilikuwa nabishana na mke wangu, Mama Zainabu, kuhusu kuuza beberu. Akaacha kubishana katikati ya neno, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimuoe. Akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga.

"Baba Zainabu, macho yako ni ya njano."

"Ni vumbi la uwele."

"Vumbi haliingii mpaka ndani ya jicho likapaka rangi," akasema, na akaenda kumwita mama yangu.

Mama yangu ni mzee sana, na ana nguvu kuliko sisi wote. Nyumba yake iko ng'ambo ya zizi. Yeye ndiye aliyewapokea watoto wengi wa ukoo wetu wakizaliwa, na kitovu kikidondoka yeye ndiye aliyewapiga chale tatu ndogo juu ya kitovu na kupaka dawa ya kukinga. Alikuwa na kijembe chake kidogo cha chuma, alichorithi kwa mama yake, kimefungwa kwenye kitambaa cheusi. Kilipita kwangu, kikapita kwa ndugu zangu, kikapita kwa Zainabu. Siku hiyo alikileta tena. Akanichanja tumboni, akapaka dawa chungu, akaniombea kwa Kinyaturu akiwa ameshika kichwa changu. Nitakuwa muongo nikisema sikupata faraja. Mtu mzima akishikwa kichwa na mama yake anapata faraja.

Lakini tumbo lilianza kujaa. Miguu ikavimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Suruali ya kwendea mnadani ikakataa kufunga wakati mashavu yamebonyea. Mke wangu hakuniuliza tena. Alifunga nguo kwenye kanga, akaita gari, tukaenda hospitali mjini Singida.

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la hospitali, nikwambie: benchi lina maisha yake. Unafika asubuhi unasalimia watu usiowajua, mchana unajua ndoa zao. Niliketi karibu na mzee mmoja kutoka Kinampanda, Mnyiramba, kabila la watani wetu, naye macho yake ya njano. Akaniangalia weee, akasema, "Mnyaturu, leo tumefanana. Mama yako atashindwa kututofautisha." Nikacheka mpaka tumbo likaniuma. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mavuno. Mimi nasema kucheka kule kulinitibu kabla ya kidonge. Yule mzee tukawa tunakutana kila kliniki, na mpaka leo ananipigia simu kuniuliza kama nimekufa.

Walinitoa damu, wakanipima tumbo kwa ile mashine yenye mafuta ya baridi, wakanilaza. Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa Zainabu. Alianza na shikamoo, nikamwitikia marahaba, ndipo akavuta kiti. Akasema nina kirusi cha homa ya ini, na kwamba si cha jana. Huenda nimekaa nacho tangu utoto.

Hapo nilikasirika. Nilimuuliza inawezekanaje mgeni akae ndani ya mwili wangu miaka yote hiyo na mwili usimjue. Mafua yakiniingia asubuhi, mchana mwili unachemka. Huyu amekula na kulala kwangu, sijaona hata joto.

"Baba unafuga?" akauliza.

"Nafuga."

"Mimi nimekulia Issuna, nimechunga za babu. Ng'ombe mgeni akiingia zizini unamjuaje?"

"Sikio."

"Basi na mwili una walinzi wa kwanza, nao hawajui majina ya magonjwa. Wao wanaangalia masikio tu. Kila kirusi kinabeba maandishi yake ndani, ndiyo mbegu yake. Mwili nao una maandishi yake, na kila yanapotumwa kazini yanawekewa alama kwenye ncha. Mlinzi akikuta maandishi yasiyo na alama, au yako mahali pasipo pake, anapiga yowe. Ile homa na maumivu ya mwili ndiyo yowe lenyewe."

"Sasa huyu wangu?"

"Huyu wako hakusimama uani. Aliingia moja kwa moja mpaka chumba cha ndani, mwili unakoweka maandishi yake. Akajificha humo. Kinachotoka humo kinatoka kimewekwa alama ya nyumba yako mwenyewe. Mlinzi anaangalia sikio, anaona mkato wenu, anampisha apite. Hata wewe ungempisha."

"Mimi nisingempisha."

Akacheka, akaniambia nikubali tu maana nilishampisha. Kisha akanieleza kwamba kilichonilaza ni yowe lililochelewa: mwili ulikuja kushtuka baada ya miaka, ukaanza kupiga fimbo kila anayeonekana kama mgeni, na ini ndilo lililokuwa linapigwa. Kirusi hakitoki chote, lakini kidonge kimoja kila siku kingekizuia kisizaliane, na ini lingepumua. Nilimuelewa kuliko nilivyowahi kumuelewa mtu yeyote mwenye koti jeupe. Nikatulia. Mtu akijua mwizi aliingilia mlango gani, anatulia hata kama mwizi bado yumo.

Halafu akaniuliza kama nimewahi kuchanjwa chale, na wembe gani. Nikamweleza kijembe cha mama, huku nakiona kile kitambaa cheusi. Daktari akasema hakuna anayeweza kujua kwa hakika mgeni alipitia wapi, ila damu ya mtu ikipita kwenye chuma kwenda kwa mwingine, mlango ni huo.

Nilirudi nyumbani kipupwe kikivuma, upepo unapeperusha makapi ya mavuno. Vidonge nikaviweka karibu na birika la udhu ili nisisahau. Nyumbani nikakuta kikombe changu kimetengwa, cha bati la bluu, na sahani yake. Sikulaumu mtu. Jirani mmoja alikuwa amesema yake, na mke wangu alikuwa na hofu. Lakini niliumia. Nilikuwa nakunywa chai kwenye kile kikombe kama nakunywa kwenye chombo cha mbwa. Kliniki iliyofuata nikaenda naye. Daktari akamwambia ugonjwa huu hauendi kwa kikombe wala sahani wala kushikana mikono, unakwenda kwa damu, kwa kujamiiana, na kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa. Akampima, hana, akaanza kumpiga sindano za kinga. Jioni ile Mama Zainabu alichukua kikombe cha bluu akanywea uji yeye mwenyewe mbele yangu. Sasa hivi ndicho tunachotumia kupimia pumba za kuku.

Lakini daktari alikuwa ametaka na watoto wapimwe. Mtoto tuliyenaye ni mmoja, Zainabu, ameolewa Ikungi na Ramadhani, na wakati ule alikuwa na mimba yake ya kwanza. Akaja akapimwa. Anacho.

Anayeandika haya ndiye mwenyewe, na ameniambia niseme kama ilivyokuwa. Nililia. Nilikuwa nimelala na maji tumboni sikulia, nilikuwa nimekonda kama ufito sikulia, lakini siku ile nilitoka nje ya hospitali nikasimama nyuma ya mti wa mwarobaini nikalia kama mtoto. Kwangu nilishazoea. Kwake niliona uchungu, na zaidi kwa yule aliye tumboni, ambaye hajaona hata jua na mgeni anamngoja mlangoni. Kirusi kikimpata mtu mzima, mara nyingi mwili unakifukuza. Kikimpata mtoto mchanga, kinaweka makazi. Daktari alisema yako mawili ya kufanya: Zainabu ameze vidonge miezi ya mwisho ili mgeni apungue, na mtoto apigwe sindano akishazaliwa tu, mapema inavyowezekana, siku hiyohiyo. Sindano inauonyesha mwili wa mtoto sura ya mgeni kabla mgeni hajafika ndani.

Sasa fikiria. Zainabu, kama ilivyo kwetu, angekuja kujifungulia kwa mama yake. Na ng'ambo ya zizi yuko bibi yake, na kijembe chake.

Niliizunguka nyumba ya mama siku kadhaa nikitafuta maneno. Utamwambiaje mzee wako kwamba kinga aliyokupa huenda ndiyo iliyokuumiza? Mwishowe nilikwenda asubuhi, nikamkuta anapepeta mtama. Nikamwamkia, nikakaa chini. Nikamwambia kuhusu Zainabu na ile sindano ya mtoto. Nikamwambia daktari anasema chuma kisipite kwa mtu zaidi ya mmoja. Nikaishia hapo.

Mama aliendelea kupepeta. Ungo ukasimama.

"Na wewe nilikuchanja."

"Ndiyo, mama."

"Na Zainabu."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nalinda."

"Najua, mama. Kila mtu anajua."

Aliuweka ungo chini. Kisha akauliza hiyo sindano ya mjini inamfanyia nini mtoto. Nikamweleza habari ya sikio na alama na walinzi, yote, kama nilivyoelezwa. Alinisikiliza vizuri, kwa sababu ng'ombe anawajua kuliko mimi. Mimi nilifundishwa na yeye. Mwishowe akasema, "Na huko mjini ni nani anayemshika mtoto?"

"Wauguzi."

"Wauguzi ni wa ukoo gani?" akasema. "Watoto wa nyumba hii nawashika mimi." Akaenda ndani, akatoka na kitambaa cheusi, akanipa. Nikakitumbukiza kwenye shimo la choo, na ninakiri mkono wangu ulisita kidogo, maana kilikuwa cha bibi yangu.

Kwa kuwa tulikuwa tumekaa na jambo hili, mama naye akakubali kupimwa. Majibu yake yakamchekesha daktari. Kirusi kilishamwingia zamani sana, na mwili wake ukakifukuza chote. Sikushangaa. Mama yangu hajawahi kumkaribisha mgeni bila kumhoji.

Mipango ilikuwa Zainabu ajifungulie hospitali mjini. Mvua ikapanga yake. Uchungu ulimshika kabla ya siku zake, asubuhi, mvua ya kwanza kubwa ya kupandia imeshuka na njia zote ni tope. Kabla gari halijafika mtoto alishafika, mikononi mwa mama yangu, aliyevaa glavu nilizopewa kliniki. Mtoto wa kike. Mama akamsafisha, akamfunga, na wala hakutafuta kitu cha kuchanjia juu ya kitovu chake. Akasema tu, "Twende."

Kirikuu cha jirani, kile kigari kidogo cha mizigo, kilituchukua sote, na kikanasa kabla hata ya kufika barabara kubwa. Tukasukuma. Kikazama zaidi. Dereva akasema tusubiri maji yapungue, siku bado ndefu, na kweli ilikuwa bado asubuhi. Zainabu alikuwa kiti cha mbele, amechoka lakini salama, mama yake amemshika. Kijana wa bodaboda akapita pembeni. Mama akamsimamisha.

"Mama, tungoje," nikamwambia. "Daktari alisema siku hiyohiyo. Siku ndiyo kwanza imeanza."

"Umengoja miaka yote hiyo umepata nini?" akasema.

Zainabu akamnyonyesha mtoto mara moja, akampa bibi yake. Mama yangu, ambaye maisha yake yote alikuwa anatukana pikipiki zinazotisha ng'ombe, akapanda nyuma ya bodaboda upande upande, mtoto kifuani chini ya kanga mbili na koti langu, akamwambia yule kijana, "Ukiniangusha nitakulaani kwa lugha usiyoijua." Mimi nikapanda nyingine iliyokuwa inakuja, nikawafuata. Njia nzima nilikuwa namwona mgongo wake umenyooka. Sijawahi kuogopa vile, na sijawahi kumpenda vile.

Hospitali muuguzi alipochukua sindano akaomba apewe mtoto. Mama akamwambia, "Wewe choma. Kushika nashika mimi." Mtoto akachomwa pajani. Akalia kwa sauti iliyojaza chumba. Mama akamtazama usoni akasema kwa Kinyaturu kwamba ana mapafu mazuri. Zainabu na mama yake walifika mchana, matope mpaka magotini, wakamkuta mtoto amelala na bibi amelala.

Kliniki ya wiki sita alipigwa nyingine, pamoja na zile za watoto wote. Jioni mwili ukamchemka kidogo. Zainabu akaja kwangu na hofu. Muuguzi alikuwa ametuonya kwamba joto dogo huja na kupita, tumwangalie tu. Nikaweka mkono kwenye paji la uso la mjukuu wangu, nikaona raha ambayo siwezi kuieleza. Nikamwambia Zainabu, "Mlinzi wake yuko macho, anapiga yowe." Asubuhi alikuwa ananyonya kama kawaida.

Mimi hali yangu ikawa inapanda polepole, msimu kwa msimu. Maji tumboni yalikauka kabla ya palizi. Wakati wa kuvuna alizeti suruali ya mnadani ikafunga. Macho yakawa meupe, na mke wangu akarudia kubishana nami mpaka mwisho wa sentensi. Kidonge nameza kila siku na nitaendelea. Zainabu anafuatiliwa naye, ini lake ni zuri. Wewe uliyeshika karatasi, fanya hivyo hivyo: rudi kliniki hata ukijisikia mzima, acha pombe, na wapime wa nyumbani kwako. Usiogope kikombe.

Sasa huu ni mwaka wa pili wa mtoto. Mwezi uliopita walimpima, kwa kuwa ndio umri wa kupima. Nilikaa benchi lilelile. Mzee wa Kinampanda alikuwepo, safari hii hakunitania, alishika tu fimbo yake na kungoja pamoja nami. Daktari akatoka mwenyewe mlangoni, akaniita baba, akasema, "Hana. Na kinga anayo."

Tulirudi nyumbani, nikamkuta mama uani, macho yake sasa hayaoni mbali. Akasikia hatua zangu.

"Hana?" akauliza.

"Hana."

Akanyoosha mikono, akampokea mtoto. Kwetu mtoto akianza kutembea anapewa ndama jike, na babu yake anamkata ndama huyo sikio kwa alama ya nyumba. Ndama nilikuwa nimeshamfunga tangu asubuhi, kisu nimekichemsha, basi nikamwendea nikalishika sikio la kulia pale chini, mahali petu.

"Usimkate hapo," mama akasema. "Mtoto hana mgeni wa kwetu. Mkatie alama ya kwake."

Kwa hiyo nikalishika la kushoto, juu, mahali ambapo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kukata, nikakata. Ndama akapiga kelele, mbwa wakaanza kubweka, na mjukuu wangu akaanza kulia mikononi mwa mama. Nikataka kumbembeleza.

"Mwache alie," mama akasema, anamtikisa taratibu, anatabasamu. "Mwache."